Usawa kwa wenye ulemavu vyuoni: Sheria ipo, utekelezaji uanzie mlangoni

USAWA wa watu wenye ulemavu katika vyuo vikuu na taasisi za elimu ya juu hupimwa kwa mambo ambayo wengi huyaona madogo. Ngazi tatu mbele ya ukumbi wa mihadhara, karatasi ya mtihani yenye herufi zisizosomeka, mhadhiri anayefundisha huku akiwa ameligeukia ubao, au usaili wa kazi unaofanyika ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti. Kila kimoja kinatosha kumwacha nje mtu ambaye cheti chake na sheria ya nchi vinamruhusu kuingia.

Mkoani Singida suala hilo lina uzito wa pekee. Mkoa huo wenye halmashauri saba ulikuwa na wakazi 1,370,637 katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012, na miaka kumi baadaye, katika sensa ya mwaka 2022, walifikia 2,008,058. Idadi ya vijana wanaohitaji elimu ya juu nayo inaongezeka, na miongoni mwao wamo wasioona, viziwi, wenye ulemavu wa viungo na wenye ualbino.

Kwa nchi nzima, sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka saba na kuendelea walikuwa na ulemavu wa aina moja au nyingine, ikilinganishwa na asilimia 9.3 mwaka 2012. Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo lilikadiria mwaka 2022 kuwa watu bilioni 1.3 duniani, sawa na asilimia 16 ya watu wote, wanaishi na ulemavu mkubwa.

Elimu ya juu imekwisha kuingia mkoani humo. Mjini Singida kuna kampasi ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA), na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo chake cha mkoa. Vijana wengine huelekea mashariki katika Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007 na chenye programu ya shahada ya elimu maalumu, au magharibi, Tabora, ambako Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo (AMUCTA) kimejipatia jina kwa kuandaa walimu wa elimu maalumu.

Hata hivyo, kuwapo kwa chuo karibu na nyumbani hakumsaidii kijana ambaye hawezi kuufikia mlango wake.

SAFARI INAYOANZIA DARASA LA KWANZA

Mwanafunzi mwenye ulemavu anayefika chuo kikuu huwa ametoka mbali. Elimu maalumu nchini ilianza rasmi mwaka 1950, pale Kanisa la Anglikana lilipofungua shule ya wasioona huko Buigiri, mkoani Dodoma. Shule ya viziwi ya Tabora ilifuata mwaka 1963, chini ya Kanisa Katoliki. Kwa miaka mingi mtoto wa Singida asiyeona au asiyesikia alilazimika kuvuka mpaka wa mkoa ili apate darasa linalomfaa.

Katika miongo iliyofuata, vitengo vya elimu maalumu vilifunguliwa ndani ya shule za kawaida. Mkoani Singida, Shule ya Msingi Ikungi Mchanganyiko ni miongoni mwa shule zilizopokea watoto wenye ulemavu wakasoma pamoja na wenzao. Aidha, Serikali iliandaa Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi kwa kipindi cha mwaka 2009 hadi 2017, na mingine ikafuata.

Katika safari hiyo, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) limeweka utaratibu unaoeleweka. Watahiniwa wasioona hupewa karatasi za nukta nundu na wenye uoni hafifu hupewa maandishi makubwa. Huongezewa pia muda wa dakika 20 kwa kila saa katika somo la Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Kwa mtihani wa saa tatu, hiyo ni nyongeza ya saa nzima kwa Hisabati na nusu saa kwa somo jingine.

Mwanafunzi huyo anapoingia chuoni, utaratibu huo haumfuati wenyewe. Kila chuo kina kanuni zake za mitihani, zinazopitishwa na seneti au bodi yake ya taaluma. Pale ambapo kanuni hazitaji muda wa nyongeza, maandishi makubwa wala mkalimani wa lugha ya alama, haki aliyokuwa nayo tangu darasa la saba hugeuka kuwa hisani ya msimamizi wa chumba cha mtihani. Akibadilika msimamizi, nayo hubadilika.

SHERIA INASEMA NINI

Si kweli kwamba nchi haina sheria. Tanzania ilitia saini Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2007 na kuuridhia mwaka 2009. Ibara ya 24 ya mkataba huo inazitaka nchi wanachama kuhakikisha watu wenye ulemavu wanapata elimu ya juu, mafunzo ya kazi na elimu ya watu wazima bila ubaguzi na kwa usawa na wengine. Ibara ya 27 inahusu haki ya kufanya kazi.

Mkataba huo unaitaka taasisi ifanye marekebisho ya lazima na yanayofaa kwa ajili ya mtu husika, mradi yasiilemee kupita kiasi. Chini ya mkataba, kukataa kufanya marekebisho hayo bila sababu ya msingi ni ubaguzi.

Ndani ya nchi, Sera ya Taifa ya mwaka 2004 kuhusu watu wenye ulemavu ilifuatiwa na Sheria ya Watu wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010. Sheria hiyo inakataza ubaguzi, inagusa elimu, ajira, afya na ufikikaji wa majengo na huduma, na inaweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji hadi mkoa.

Kwa upande wa kazi, sheria hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kuwa angalau asilimia tatu ni watu wenye ulemavu walio na sifa zinazotakiwa. Kiwango cha awali, chini ya sheria ya mwaka 1982, kilikuwa asilimia mbili kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi. Vilevile, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inautaja ulemavu miongoni mwa mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kuyatumia kumbagua mfanyakazi.

Kwa hesabu ya kawaida, chuo chenye watumishi 200 kinapaswa kuwa na watumishi wenye ulemavu wasiopungua sita. Maneno "walio na sifa zinazotakiwa" ndiyo yanayounganisha darasa na ofisi. Kijana anayeacha masomo mwaka wa kwanza kwa kukosa karatasi anayoweza kuisoma hataonekana kwenye orodha ya waombaji wa nafasi ya mhadhiri msaidizi miaka mitano baadaye. Chuo kitakachosema kuwa hakikupata mwombaji mwenye ulemavu na mwenye sifa kinapaswa kujiuliza ni wangapi waliopotelea mikononi mwa vyuo vyenyewe.

TANGU MAOMBI HADI MTIHANI

Hatua ya kwanza ni maombi ya kujiunga. Fomu inayomwuliza mwombaji kama ana ulemavu ina maana tu endapo jibu linafika kwa mtu wa kulifanyia kazi kabla ya muhula kuanza. Baadhi ya waombaji huficha hali zao kwa hofu ya kukataliwa. Chuo kinachoeleza kwenye tangazo lake la udahili kwamba taarifa hiyo inatumika kupanga huduma, na kwamba ni siri, hupunguza hofu hiyo.

Hatua ya pili ni fedha. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, imekuwa ikiutambua ulemavu wa mwombaji au wa mzazi wake miongoni mwa vigezo vya uhitaji, na humtaka mwombaji kuwasilisha uthibitisho wa mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Kijana anayeishi Itigi au Nduguti anapaswa kuanza kuutafuta uthibitisho huo mapema, kwani safari moja hadi makao makuu ya wilaya au mkoa inaweza isitoshe.

Hatua ya tatu ni ufundishaji. Mahitaji hutofautiana, na kuwaweka wote katika kapu moja ni kosa la kawaida. Kiziwi anayetumia lugha ya alama anahitaji mkalimani. Anayesikia kwa shida anahitaji kukaa mbele na kuuona mdomo wa mhadhiri. Mwenye ualbino, ambaye mara nyingi ana uoni hafifu, anahitaji maandishi makubwa na nafasi isiyopigwa na mwanga mkali wa dirisha. Asiyeona anahitaji mhadhiri asome kwa sauti kile anachokiandika ubaoni, badala ya kusema "kama mnavyoona hapa".

Mengi kati ya hayo hayahitaji bajeti. Mhadhiri anayetoa muhtasari wa somo siku mbili kabla humwezesha mwanafunzi asiyeona, kiziwi na hata mwenye ugumu wa kusoma kuingia darasani akiwa amejiandaa.

KOMPYUTA INAYOSOMA

Zamani mwanafunzi asiyeona alitegemea mashine ya nukta nundu, kinasa sauti na rafiki wa kumsomea. Vyote hivyo vingali na nafasi yake. Hata hivyo, programu za kompyuta zinazosoma kwa sauti maandishi yaliyo kwenye kioo zimebadili mambo. Ipo inayouzwa kwa bei kubwa, kama JAWS, na ipo NVDA, iliyoanza kutengenezwa nchini Australia mwaka 2006, ambayo hutolewa bure.

Kwa hiyo kikwazo mara nyingi huwa kwenye nyaraka zenyewe. Kitabu kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuhifadhiwa kama picha hakisomeki na programu ya kawaida ya aina hiyo. Kwake ukurasa huo ni mtupu. Hati iliyochapwa upya, au iliyopitishwa kwenye programu inayotambua herufi, husomeka. Chuo kinachowaelekeza wahadhiri na wakutubi kuhifadhi maandishi badala ya picha huwa kimefungua sehemu kubwa ya maktaba yake.

Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa mwaka 2013 chini ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, unaruhusu vitabu kugeuzwa kuwa katika nukta nundu, sauti au maandishi makubwa kwa ajili ya wasioona na wenye uoni hafifu bila kuomba kibali cha mwenye hakimiliki kila mara, kwa masharti maalumu.

Elimu ya masafa nayo ina faida zake. Kwa mtu anayetumia kiti cha magurudumu, kusomea nyumbani kupitia Chuo Kikuu Huria kunaweza kumwondolea adha ya usafiri. Lakini njia hiyo inapaswa kuwa chaguo lake. Haifai kuwa mahali ambapo vyuo vingine vinamwelekeza kila mwombaji ambaye majengo yao hayamfai, na hata mwanafunzi wa masafa huhitaji kufika kituoni kwa mitihani na kukutana ana kwa ana na wahadhiri.

NGAZI NA NJIA

Mji wa Singida unafahamika kwa miamba yake na kwa maziwa ya Singidani na Kindai. Ardhi ya namna hiyo, yenye mawe na miinuko, huongeza ugumu kwa anayetembelea kiti cha magurudumu au fimbo nyeupe, hasa pale njia kati ya jengo moja na jingine inapoachwa bila kusawazishwa.

Kanuni inayotumika sehemu nyingi duniani ni kwamba njia ya mteremko iwe na urefu wa mita 12 kwa kila mita moja ya kupanda. Ngazi tatu zenye kimo cha sentimita 15 kila moja hufanya sentimita 45. Mteremko wake basi unapaswa kuwa na urefu wa mita 5.4. Mteremko mfupi zaidi ya hapo huwa mkali, na mtumiaji hulazimika kusukumwa au huhatarisha kuanguka. Mlango nao unapaswa kuacha nafasi isiyopungua sentimita 80, na choo kiwe na eneo la kukigeuza kiti pamoja na vishikio ukutani.

Kuyaweka mambo hayo kwenye mchoro tangu mwanzo ni nafuu kuliko kuvunja ukuta baadaye. Fursa zipo. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi (HEET), ulioidhinishiwa na Benki ya Dunia mkopo wa Dola za Marekani milioni 425 mwaka 2021, ulilenga pamoja na mengine kujenga na kukarabati majengo ya vyuo vya umma. Kila jengo jipya linalokamilika bila mteremko na choo kinachofaa huwa limeahirisha usawa kwa miaka 30 au zaidi.

Kwa majengo ya zamani yasiyo na lifti, ratiba inaweza kufanya kazi ya lifti. Somo lenye mwanafunzi au mhadhiri asiyeweza kupanda ngazi hupangiwa chumba cha chini. Uamuzi huo huhitaji kalamu na mtu mwenye orodha sahihi.

MTUMISHI ANAYESAHAULIKA

Mijadala mingi kuhusu ulemavu vyuoni huishia kwa wanafunzi. Watumishi, kuanzia mhadhiri hadi mhudumu wa ofisi, huwa nadra kutajwa, ingawa sheria inawagusa sawasawa.

Nchi imekwisha kuona mifano. Dk. Abdallah Possi, mwanasheria mwenye ualbino, alikuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Dodoma kabla ya kuteuliwa kuwa Naibu Waziri katika Ofisi ya Waziri Mkuu Desemba 2015, na baadaye kuwa balozi wa Tanzania nchini Ujerumani. Mwanafunzi mwenye ulemavu anayefundishwa na mtu wa aina hiyo hupata ushahidi ambao semina haiwezi kuutoa.

Wapo pia wanaopata ulemavu wakiwa kazini, kwa ajali, kisukari, kiharusi au macho kufifia kadiri umri unavyosonga. Mkataba wa kimataifa unawataja waziwazi watu hao na kutaka walindwe wasipoteze kazi zao kwa sababu hiyo. Aliyeumia au kuugua kutokana na kazi ana haki ya kudai fidia kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008.

Mhadhiri aliyepoteza uwezo wa kuona bado ana elimu yake yote. Anachohitaji ni kompyuta yenye programu ya kusoma, msaidizi wa kusahihisha maandishi ya mkono, na mkuu wa idara asiyemharakishia barua ya kustaafu.

USALAMA NA LUGHA

Kwa watu wenye ualbino, usawa huanza na uhai. Wimbi la mashambulizi na mauaji yaliyotokana na imani za kishirikina, lililoanza kuripotiwa kwa wingi katikati ya miaka ya 2000, hasa Kanda ya Ziwa, lilifanya watoto wengi wahifadhiwe katika mabweni ya shule. Mauaji ya mtoto mwenye ualbino mkoani Kagera mwaka 2024 yalikumbusha kuwa hatari haijaisha.

Mtoto aliyekulia ndani ya uzio wa shule anapofika chuoni na kutakiwa kupanga chumba mtaani, suala la bweni si la starehe. Kumpa kipaumbele cha kulala ndani ya kampasi ni ulinzi. Jua kali la Kanda ya Kati nalo huongeza hatari ya saratani ya ngozi, hivyo kofia pana na mafuta ya kukinga jua, yakiwamo ya Kilisun yanayotengenezwa katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi, ni mahitaji ya masomo kama yalivyo madaftari.

Lugha nayo ina nafasi. Majina kama "zeruzeru" au "bubu" huumiza na kudhalilisha. Vyama vya watu wenye ulemavu vimekuwa vikihimiza maneno "mtu mwenye ualbino", "kiziwi", "asiyeona" na "mtu mwenye ulemavu". Kumwita mtu kwa jina lake ni bora zaidi ya yote.

MFANO WA MAJIRANI

Nchi jirani zimejaribu njia mbalimbali. Uganda hutenga kila mwaka nafasi 64 za ufadhili wa Serikali katika vyuo vikuu vya umma kwa wanafunzi wenye ulemavu, na Chuo Kikuu cha Kyambogo kimekuwa kitovu cha mafunzo ya elimu maalumu. Kenya, kupitia ibara ya 54 ya Katiba yake ya mwaka 2010, ililenga angalau asilimia tano ya nafasi katika vyombo vya umma vya kuchaguliwa na kuteuliwa zishikwe na watu wenye ulemavu.

Hapa nchini, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimewapokea wanafunzi wasioona kwa miongo kadhaa, na huko Lushoto, mkoani Tanga, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri lilianzisha mwaka 2007 chuo kikuu kishiriki kilichoutanguliza ualimu wa elimu maalumu, kwa jina la Askofu Sebastian Kolowa.

MASWALI YA KUULIZA

Mzazi, mwanafunzi au mtumishi anayetaka kujua kama chuo kinatekeleza usawa anaweza kuanza na maswali sita. Je, yupo mtu anayefahamika kwa cheo na ofisi ambaye kazi yake ni masuala ya ulemavu? Je, kanuni za mitihani zinataja muda wa nyongeza na karatasi mbadala? Je, vyumba vya mihadhara, maktaba, zahanati na angalau choo kimoja vinafikika kwa kiti cha magurudumu? Je, nyaraka za masomo zinasomeka na kompyuta? Je, chuo kinajua ni asilimia ngapi ya watumishi wake wana ulemavu? Je, wanafunzi na watumishi wenye ulemavu wana kiti kwenye vikao vinavyowahusu?

Chuo kinachojibu "ndiyo" kwa maswali yote sita ni cha kupigiwa mfano. Kinachojibu "hapana" kinajua pa kuanzia, kwani angalau matatu kati ya hayo yanaweza kutekelezwa kwa kikao kimoja na barua moja.

Sheria ilipotungwa mwaka 2010, mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka huo mkoani Singida alikuwa na miaka 13 mbele yake hadi kumaliza kidato cha sita. Miaka hiyo imekwisha, na kijana huyo sasa ana umri wa kuwa chuoni. Wanaoweza kumfungulia mlango ni msajili, mkuu wa idara, mkutubi na ofisa utumishi, kila mmoja kwa kazi yake.